Foleni ya Vikapu

Mimi foleni siziwezi. Wanaonifahamu wanalijua hilo, na wapo walioacha kunituma benki au posta kwa kuogopa maneno nitakayorudi nayo. Wanasema hasira zangu ziko karibu. Ni kweli ziko karibu, sibishi. Lakini kila mtu ana siku iliyomharibu, na yangu ni Jumamosi moja ya miaka ya tisini mjini Migori, ndani ya supamaketi ambayo ilikuwa haijamaliza hata mwaka tangu ifunguliwe. Tuliingia watatu, mama, shangazi na mimi. Tukakaa mle zaidi ya saa nne, tukatoka hatujanunua hata kiberiti.

Dada yangu alikuwa ameolewa mbele ya Homa Bay, mahali ambapo lami inakuacha na unaendelea na barabara ya vumbi. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, naye alikuwa mjukuu wa kwanza wa mama. Mtoto alikuwa ametimiza miezi mitatu na mama hajamwona. Msije mkamlaumu. Mama mzazi hajiamkii tu akaenda kwa wakwe. Siku inapangwa, wenyeji wanaarifiwa, na yeye haendi peke yake wala haendi mikono mitupu. Na kubwa kuliko yote, halali huko. Kwetu Wajaluo mama hakulala kwenye boma la mkwewe. Alikwenda mchana, akapokewa, akala, akarudi kwake siku hiyohiyo. Siku hizi wapo wanaolala na dunia haijapasuka, lakini mama yangu hakuwa wa kulala.

Basi tulikuwa na mchana mmoja. Ziara ilikuwa imeahirishwa mara mbili, kwanza kwa sababu ya msiba wa jirani, halafu kwa sababu tumbaku ilikuwa kwenye tanuru la kukaushia na tanuru haliachwi. Safari hii ya tatu dada alikuwa ametuma ujumbe kwa mdomo wa mtu, mkali kidogo: mama wa kambo wa mumewe alikuwa ameanza kuuliza kama mtoto huyu ana nyanya wa upande wa pili au aliokotwa. Mama alipoambiwa hayo alichukua shoka. Alikwenda nyuma ya nyumba akakata kuni ambazo hatukuzihitaji.

Gari lilikuwa pikapu ya jirani yetu, mzee wa kanisa, mtu mwema mwenye gari baya. Taa za mbele zilikuwa zimekufa zote mbili. Alituambia tangu Ijumaa, akarudia Jumamosi asubuhi ili asisingiziwe: saa kumi na robo alasiri atawasha gari kurudi, ili giza limkute karibu na nyumbani. "Atakayekuwa ndani, yuko ndani," alisema. "Atakayebaki, atalala huko." Na mama hawezi kulala huko. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwangu: saa mbili na nusu tuko dukani, saa nne tumeondoka, kabla ya saa saba tumefika, na mama anapata saa tatu na ushee za kukaa na mjukuu wake.

Nilikuwa na miaka ishirini, niko likizo kutoka chuo cha ualimu, na nilikuwa na kauli juu ya kila kitu. Nilimwambia mama anunue vitu kwenye duka lake la siku zote, lile la Mwislamu karibu na stendi, ambako unasimama mbele ya meza, unataja unachotaka, unafungiwa, unakwenda zako. Akakataa. Wakwe walipokuja kuposa walikuja na vitu vyao kwenye mifuko mipya ya plastiki yenye maandishi ya duka kubwa. Wanawake wa kwetu waliigombania ile mifuko kuliko sukari iliyokuwa ndani.

"Na mimi nitawapelekea mifuko yenye maandishi," mama alisema.

"Mama, mfuko ni mfuko."

"Utajua ukizaa msichana, nyathina."

Nyathina maana yake ni mwanangu, na mama akiniita hivyo nilijua mjadala umefungwa.

Kosa letu la kwanza, tena la sote, lilikuwa kusahau jambo lililokuwa mfukoni mwa mama mwenyewe. Kampuni ya tumbaku ilikuwa imelipa wakulima Alhamisi na Ijumaa. Malipo hayo ndiyo yaliyomwezesha mama kuipanga safari. Sasa sijui tulifikiri kampuni imemlipa yeye peke yake! Tulipofika, nusu ya watu wa Kehancha walikuwa wameshateremka, na walioshuka kutoka upande wa Rongo walikuwa wamesimama mlangoni wakimpa askari mizigo yao aiweke, wakipokea vipande vya kadibodi vyenye namba. Shangazi aligoma kutoa kiondo chake. Dakika kumi ziliishia hapo, askari akieleza, shangazi akikumbatia kiondo kama mtu anayenyang'anywa mwana, mpaka akaruhusiwa kuingia nacho.

Ndani, mama na shangazi walibadilika. Lazima niwe mkweli, kwa mara ya kwanza maishani mwao walikuwa wanaruhusiwa kugusa. Kwenye duka la siku zote ulionyesha kwa kidole, ukaletewa. Hapa unachukua mwenyewe. Shangazi alifungua vifuniko vya mafuta ya kujipaka, akanusa kimoja baada ya kingine, akavirudisha, akaanza upya kwa sababu pua ilikuwa imechanganyikiwa. Mama alipima taulo za mtoto kwa shavu lake. Alichagua sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia, mikate, sabuni, shuka, na beseni la buluu la kuogeshea mtoto. Beseni hilo alilibeba kichwani humohumo dukani, mikono ipate nafasi. Nilikuwa nawaharakisha, lakini nilikuwa nacheka pia. Saa tatu na robo tulikuwa tayari kulipa.

Hapo ndipo nikaiona foleni, na nikashangaa kwamba haina watu.

Ilikuwa foleni ya vikapu. Vikapu vyekundu vya plastiki, na vilipokwisha, makatoni, sufuria mpya, hata kofia moja ya mwanamume yenye betri na kandili. Vilikuwa vimepangwa sakafuni kimoja nyuma ya kingine kutoka kwa keshia, vikapita kwenye unga, vikakunja kona kwenye sabuni, vikaishia kwenye madaftari, na mama akaliweka beseni letu nyuma ya cha mwisho. Watu waliosimama navyo hawakuzidi wanane. Wengine walikuwa nje, wamekaa chini ya ukuta penye kivuli, na wengine walikuwa wamekwenda sokoni kabisa.

Mtu wa kwetu haoni ajabu. Kwenye mashine ya kusaga unga ndivyo tulivyofanya tangu tukiwa watoto. Unafika na debe lako la mahindi, unaliweka nyuma ya debe la mwisho, unakwenda kukaa. Debe ndilo linalopanga foleni. Wewe unazungumza habari zako, unanyonyesha, unasuka nywele za mwenzako, na foleni ikisogea, aliye karibu anayasukuma madebe yote mbele kwa mguu, lake na yasiyo yake. Ni utaratibu mzuri sana, na mwenye mashine hana shida nao, maana mahindi ni mahindi. Lakini keshia anahitaji mtu mwenye mkono na mfuko.

Basi ikawa hivi. Kikapu kinafika mbele, keshia anauliza, "Mwenye hii ni nani?" Kimya. Mtu anatoka mlangoni anapaza sauti, "Mwenye sufuria mbili na blanketi ya maua!" Kimya. Anatumwa mwingine mpaka sokoni. Keshia anakaa, anatazama kucha. Baada ya robo saa mwenye sufuria anafika mbio, anahema, anaomba radhi, anasalimia kila mtu mmoja mmoja kwa mkono, kisha anaanza kutafuta hela zilizofungwa mahali ambapo hazitoki upesi. Keshia alikuwa mmoja. Mashine zilikuwa mbili, lakini ile ya pili ufunguo wake ulikuwa kwa mwenye duka, na mwenye duka alikuwa Kisumu.

Na hata waliokuwepo walikuwa na mambo yao. Mama mmoja wa Kikuria alisimama mbele ya keshia na mche wa sabuni.

"Hii mwisho ngapi?"

"Bei imeandikwa hapo, mama."

"Nimeona imeandikwa. Mwisho ngapi?"

"Hapa hakuna kubageini. Hiyo ndiyo bei."

"Sasa huyu msichana ameudhika na nini?" mama yule akatuuliza sisi. "Mimi nimeuliza tu." Akaanza kumweleza keshia habari za sabuni ileile ilivyo Kehancha, na aliyeifuata akamuunga mkono, na kesi ikasikilizwa mpaka mwisho.

Saa nne ilifika, saa ambayo tulipaswa kuwa tumeondoka. Nilikwenda nje nikamwona mzee wa pikapu. Alinionyesha saa yake ya mkononi. Niliporudi ndani nilimkuta shangazi wangu wa damu anafanya kazi. Alikuwa ametembea mpaka mbele ya foleni na sasa anarudi nyuma, anasukuma vikapu kimoja kimoja kwa mguu, kwa uangalifu, asimwage kitu cha mtu. Vikapu vya watu waliokuwa wakinywa chai mjini! Shangazi yangu alikuwa anawalindia nafasi ili watutangulie.

"Shangazi, acha! Unawasogeza wa nini? Hawapo!"

"Foleni imeacha pengo," alinijibu, akanitazama kama aliyeshangazwa na malezi yangu. "Mtu akirudi akute kikapu chake kimebaki nyuma, atasema hapa palikuwa na watu gani?"

Nilitaka kulia. Nasema kweli, nilitaka kukaa juu ya gunia la chumvi nilie. Mzee mmoja aliyesimama na katoni ya misumari aliniona, akanitania kwa Kiswahili cha polepole, "Dada, ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini wewe imefika mpaka kichwa." Watu wakacheka. Mama pia alicheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Saa tano na nusu tulikuwa na vikapu kumi mbele yetu, na kati ya hivyo, vinne tu vilikuwa na watu. Niliamua kutumia akili. Kikapu kilichokuwa mbele yetu kabisa kilikuwa na jembe, kamba ya katani na pakiti za chumvi, na tangu tufike sikuwahi kumwona mwenyewe. Nilikiinua nikakiweka kando, karibu na rafu. Kisha nikainua cha pili.

"We msichana!" Alikuwa kijana mwenye koti, nyuma yetu. "Unasongesha kitu ya mtu kwa nini?"

"Mwenyewe hayuko."

"Hayuko aje? Kikapu si hii?"

"Kikapu hakiwezi kulipa!"

"Na wewe ukienda choo, tukitupa yako utasema nini?"

Duka zima likageuka. Watu ambao hawakuwa na haraka ya kulipa walikuwa na haraka ya kunihukumu. Mmoja akasema vijana wa siku hizi. Mwingine akauliza mimi ni wa wapi. Nilisimama na kikapu cha mtu nisiyemjua mkononi, masikio yanawaka moto, nikijua kabisa kwamba nina haki na kwamba hakuna hata mtu mmoja mle atakayenipa.

Mama alikuja taratibu. Alinipokonya kile kikapu, akakirudisha mahali pake. Akaenda kwenye rafu akachukua na kile cha jembe, akakiweka mbele yetu, akakinyoosha kiwe sawa na vingine. Kisha akawaomba watu radhi kwa niaba yangu.

"Mama," nikamwambia kwa sauti ya chini, "dada anangoja. Mtoto anangoja."

"Najua."

"Saa sita inafika."

"Najua, nyathina. Lakini siwezi kwenda kumshika mtoto na mikono niliyomrukia mtu foleni."

Nikarudi mahali petu kwenye foleni, lakini si kwa kukubali. Nilikuwa nimeona wazi kabisa kitu ambacho yeye hakutaka kukitazama. Kila kikapu kilichosogea kilikuwa kinakata dakika kutoka kwenye mapaja yake, kutoka kwenye zile dakika za kumshika yule mtoto. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa nimewaandikia darasa la sita ubaoni: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Niliwaomba watunge sentensi. Hakuna aliyetunga iliyofanana na ile niliyokuwa nimesimama ndani yake.

Saa sita na nusu vilibaki vikapu viwili. Viwili! Nilikuwa nimeshatoa mikate kwenye beseni, nimeipanga tayari. Keshia akamalizana na mzee wa misumari, akasimama, akatoa kitambaa cha kufumwa chenye maua ya waridi, akaifunika mashine vizuri pande zote.

"Tunafungua saa nane," alisema.

"Saa nane?"

"Naenda kula, dada. Hata mimi ni mtu."

Na kweli alikuwa mtu. Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi na macho yake yalikuwa yamechoka, sasa ninaweza kusema hivyo. Siku ile nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Akapita kando yangu na mkoba wake, akatoka.

Nilipogeuka nilimwona mama anaketi. Alikuwa amegeuza katoni tupu na anaketi juu yake, anapanga sketi yake magotini, anajiandaa kungoja mpaka saa nane.

"Mama, tukingoja saa nane hakuna safari."

"Tumekaa tangu asubuhi. Vimebaki viwili."

"Tukitoka hapa saa nane, tutafika na yeye anawasha gari kurudi. Utamwona mtoto dirishani."

"Na nikienda bila kitu? Mkono mtupu haulambwi. Unajua walivyosema."

Hapo ndipo nilipolisema neno. "Mama, unamwendea mtoto au unaiendea mifuko?"

Nililijutia kabla halijamaliza kutoka. Shangazi akasema, "Wuololo," kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona chungu kinaanguka. Mama hakunitazama. Alisimama, akaliinua beseni.

"Twende," alisema.

Mngedhani sasa tuliondoka. Hatukuondoka. Mama hakuweza kuliacha lile beseni pale sakafuni na kwenda zake. Kitu cha mtu hakiachwi njiani, alisema, ulipokitoa ndipo unapokirudisha. Akaanza kuzunguka duka lote akirudisha. Sukari kwenye sukari. Majani ya chai kwenye majani, na kwa kuwa alikuwa amechukua pakiti ya safu ya nyuma, akaondoa za mbele kwanza ili airudishe ya nyuma nyuma. Taulo alizikunja upya, zikawa zimekunjwa vizuri kuliko alivyozikuta. Nilimfuata nikimwambia mama, wako watu wanaolipwa kwa kazi hii. Alikuwa kama hanisikii. Beseni lilikuwa la mwisho. Alilipangusa vumbi la sakafuni kwa kanga yake, akalirejesha juu ya rafu, akalitazama mara moja.

Mlangoni askari akatusimamisha. Alikuwa hajawahi kuona watu wamekaa ndani tangu asubuhi wakatoka bila kitu, na kwake maana yake ilikuwa moja. Akataka kuona kiondo cha shangazi. Shangazi akammwagia kila kilichokuwemo juu ya meza: leso, ugoro, kitabu cha nyimbo, ndizi mbili. "Tafuta!" akamwambia. "Tafuta vizuri, usije ukasema ulisahau!" Askari akaona haya, akasaidia kurudisha ndizi.

Kwenye duka la Mwislamu tulitumia dakika kumi na tano. Mama hakuhitaji hata kutaja. Yule mzee, mtu wa pwani aliyekuwa ameishi Migori miaka mingi, alimwona tu akasema, "Leo umechelewa, mama. Safari ya kwa wakwe, sivyo?" Akaanza kushusha vitu huku mkewe anavifunga kwa magazeti na uzi wa katani. Mabeseni ya watoto hakuwa nayo. Aliongeza pakiti ya tende, akasema ni ya yule aliyejifungua, apate nguvu. Mifuko yenye maandishi hakuwa nayo pia, na mama hakuuliza. Saa saba tukapanda pikapu.

Njiani mama hakunisemesha. Shangazi alijaribu habari za hapa na pale, akaacha. Tulipita Rongo, tukapita Rodi, na kila nikitazama jua nilikuwa naliona linakimbia kuliko gari. Nilimkasirikia keshia, nikamkasirikia mwenye jembe na chumvi, nikamkasirikia mama kwa wema wake, na nikajikasirikia mimi kwa lile neno. Tulifika saa kumi kasorobo. Mzee wa pikapu aligeuza gari likatazama njia ya kurudi, ndipo akazima.

Tulikuwa na nusu saa.

Wenyeji walikuwa wametungoja tangu saa sita. Wanawake wa upande wa mume walikuwa wameshachoka kukaa, lakini walitupokea vizuri, na wakaipokea mizigo ya magazeti bila mtu kukunja uso. Mkwe alikuja akamsalimia mama kwa mbali, kama inavyotakiwa, akatoweka. Tukaingizwa ndani. Yakaanza maombi. Mama mmoja wa pale aliomba kwa ajili ya nyumba, mvua, barabara, wagonjwa wa Homa Bay na viongozi wa nchi, na mimi nilifumbua macho nikaitazama saa ya ukutani. Tulipoitikia amina zilikuwa zimebaki dakika kumi na nane.

Dada yangu akatoka chumbani na mtoto mikononi. Mtoto alikuwa amelala.

"Amekaa macho akiwangoja tangu asubuhi," dada alisema. "Nilimwogesha saa tano. Amecheka na kila mtu. Saa tisa ndio kachoka."

Mama alinyoosha mikono akampokea. Na palepale chakula kikaletwa, kuku mzima, ugali, samaki, na wenyeji wakasimama kando kungoja mgeni aanze. Kuondoka bila kula ingekuwa tusi ambalo lingesimuliwa mpaka mtoto yule aoe. Mama alitazama kuku, akamtazama mtoto.

"Kula," akaniambia. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu Migori. "Kula vya wawili."

Nikala. Sijawahi kula kwa hasira namna ile. Nilikula paja, nikala finyango la mgongo, nikamsifu mpishi mdomo umejaa, ili macho ya watu yawe kwangu. Shangazi naye akala kama mtu anayelipwa. Mama alikaa na mtoto mapajani, anamshika vidole, anamfunua sikio, ananong'ona jina lake.

"Mwamshe," nikamwambia.

"Mtoto aliyelala haamshwi."

"Mama, hujamwona hata macho."

"Nitayaona siku nyingine."

Nje gari likaunguruma. Mzee wa pikapu alikuwa mtu wa neno lake. Siku nyingine ilikuwa lini? Baada ya tumbaku nyingine? Baada ya msiba gani? Dada yangu alikuwa analia bila sauti, amejipa kazi ya kufunga mayai ya kutubebesha. Mama akainuka ili amrudishe mtoto. Nikasogea karibu naye kama ninayemuaga, nikapenyeza mkono chini ya shali ya mtoto, nikapata kisigino, nikakifinya. Nilikifinya kwa ukucha, na sikufinya kidogo.

Mtoto alifungua macho yote mawili. Kabla ya kulia alikaa kimya kidogo, amekunja paji la uso, anamtazama mama moja kwa moja, na mama anamtazama. Kisha akapaza kilio ambacho hata mzee wa pikapu alikisikia, akazima gari. Mama alicheka kwa sauti kubwa, machozi yanamtoka, anamrusharusha, anawaita wenyeji wote waje. "Mmeona? Nimemwita jina mara moja tu! Amenijua!" Alipewa dakika kumi nyingine ambazo hatukuwa nazo, na tulirudi Migori gizani, shangazi ameketi mbele na tochi nje ya dirisha.

Habari hiyo mama aliisimulia kanisani, sokoni, na kwenye mashine ya kusaga, miaka yote iliyofuata. Foleni hakuitaja kamwe, wala lile neno langu. Alikuwa anaanzia pale alipoita jina na mtoto akafungua macho, na kama nilikuwapo alinigeukia nithibitishe, nami nikathibitisha. Alikwenda kaburini akiamini kwamba mjukuu wake aliijua sauti yake. Nilimfinya mimi.